Jina Lile Lile, Namba Nyingine: Kwa Nini Barua Pepe Hupotea Ofisi Ikibadili Namba

Somo hili lilisemwa katika radio, na hapa limepigwa chapa ili ulisome tena polepole, maana namba zikitajwa katika radio hupita upesi, na leo tuna namba nyingi. Chukua kalamu na daftari. Kama mko darasani, kaeni wawili wawili, mmoja asome na mwenzake aandike.

Leo twazungumza juu ya barua pepe, na hasa juu ya ugonjwa mmoja unaoipata ofisi inapobadili namba yake ya intaneti. Labda utasema, "Mimi ninajifunza kusoma na kuandika. Mambo ya kompyuta za ofisini yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Ukiuza korosho zako ghalani, jina lako na kilo zako huandikwa katika orodha, na orodha hiyo yaweza kupelekwa benki kwa barua pepe. Isipofika, hulipwi.

Nitakueleza jambo nililoliona mwenyewe. Palikuwa na ofisi moja hapa Masasi, na jina lake silitaji, ambayo kazi yake ilikuwa kukusanya orodha za wakulima na kuzipeleka benki. Ofisi hiyo ilikuwa na seva yake ya barua, yaani kompyuta iliyowekwa kwa kazi moja tu ya kupokea na kupeleka barua, usiku na mchana. Siku ya Ijumaa, katikati ya msimu wa korosho, ofisi ikaiacha kampuni yake ya intaneti ikachukua nyingine iliyokuwa na bei nafuu. Jumamosi fundi akaja, akabadili nyaya, akafungua kompyuta moja, akaona habari na picha zinakuja vizuri. Akanywa chai, akaenda zake.

Jumatatu barua za tawi la Newala hazikuonekana, wala orodha iliyopelekwa benki haikupokewa. Wazee waliopanda gari Newala alfajiri, giza halijaondoka, wakafika Masasi wakaambiwa, "Fedha bado, benki haijapata majina." Mzee mmoja akasema waziwazi kwamba wameibiwa. Nami sikumlaumu, maana mtu akiambiwa barua imepotea katika waya asiouona, afikiri nini? Lakini hakuna mtu aliyeiba. Ofisi ilikuwa imehama bila kuwaaga watu wote waliostahili kuagwa.

Basi tuanze na jambo unalolijua. Ukitaka kumwandikia mtu barua ya karatasi, waandika jina lake na namba ya sanduku lake la posta, S.L.P. kadha wa kadha, Newala. Mtu wa posta hatafuti jina, atazama namba ya sanduku. Katika intaneti ni vivyo hivyo. Kila mashine iliyo katika intaneti ina namba, nayo huitwa namba ya IP. Namba za mtindo wa zamani, ambazo bado zatumika sana, zina mafungu manne yenye nukta katikati, na kila fungu ni kuanzia 0 mpaka 255. Namba ya ofisi yetu kabla ya kuhama tuiandike 192.0.2.25, na baada ya kuhama 198.51.100.40. Hizi ni namba za mfano, zimetengwa kwa ajili ya masomo kama haya, usijaribu kuzipigia hodi. Ziandike katika daftari, moja juu ya nyingine, kwa maana tutazihitaji mpaka mwisho.

Kwa nini namba ibadilike? Kwa sababu namba si mali ya ofisi. Kwa bara letu la Afrika kuna shirika liitwalo AFRINIC, lenye makao yake Mauritius, lililotambuliwa rasmi mwaka 2005. Shirika hilo huyapa makampuni ya intaneti mafungu ya namba, na makampuni huwapa wateja wao. Ukiiacha kampuni, namba hubaki kwake, kama vile mpangaji akihama hawezi kuondoka na mlango wa nyumba. Taasisi kubwa zaweza kuomba namba zao wenyewe, lakini ofisi ndogo kama hii hutumia za kampuni.

Jina lakini ni lako. Tuseme ofisi yetu yaitwa chama.mfano, na seva yake ya barua yaitwa barua.chama.mfano. Majina ya kweli ya hapa Tanzania huishia na .tz, nayo yako chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Namba ikibadilika, jina halibadiliki. Watu huandika jina tu. Sasa ni nani anayeijua namba iliyo nyuma ya jina?

Zamani, katika miaka ya 1970, mtandao ulipokuwa mdogo na mashine nyingi zikiwa Marekani, jina la kila mashine na namba yake yaliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa na Taasisi ya Utafiti ya Stanford, huko California. Mwenye mashine alichukua nakala, na baada ya siku chache nakala ikawa ya zamani. Mashine zilipozidi kuwa nyingi, orodha ile ikawalemea watunzaji wake. Mwaka 1983 mtaalamu mmoja jina lake Paul Mockapetris akatunga utaratibu mwingine, ambao mafundi huuita kwa herufi tatu, DNS. Daftari likagawanywa kurasa kurasa, na kila mwenye jina akapewa ukurasa wake autunze mwenyewe. Anayetafuta jina lenye .tz huulizia kwanza kwa watunzaji wa mzizi wa majina yote ya dunia, nao humwelekeza kwa watunzaji wa .tz, nao humwelekeza kwa mwenye jina. Ni kama kufika Masasi ukimtafuta mtu wa mtaa wa Mkuti. Stendi hawamjui, lakini wanajua njia ya Mkuti, na ukifika Mkuti watakuonyesha nyumba.

Katika ukurasa wa ofisi yetu kuna mistari, na kila mstari una kazi yake. Mstari wa MX wasema, "Barua za chama.mfano hupokewa na barua.chama.mfano." Mstari wa A wasema, "Huyo barua.chama.mfano yuko kwenye namba 192.0.2.25." Tazama vizuri. MX yataja jina, A yataja namba. Ndiyo maana ukihama hulazimiki kugusa MX, wabadili A peke yake. Wako watu wanaoandika namba katika MX wakidhani wanafupisha njia. Hilo ni kosa, na seva nyingi hukataa kulifuata.

Fundi wetu alikuwa amebadili nyaya na asibadili mstari wa A. Newala ilipouliza, ikajibiwa namba ya zamani, ikapeleka barua kwenye mlango ambao ofisi imekwisha uhama. Jumatatu saa nane mchana akakumbuka, akaandika 198.51.100.40. Wote tukapumua. Tukangoja mpaka jioni, hakuna barua. Fundi akaanza kulaumu kampuni mpya, kampuni mpya ikalaumu seva, na mimi, niliyekuwa pale kwa sababu barua za madarasa yetu zilipitia seva hiyo hiyo, nikasikiliza nisielewe.

Kumbe palikuwa na mstari mwingine mdogo kando ya kila jibu, uitwao TTL. Huo ni muda ambao muulizaji aruhusiwa kulikumbuka jibu kabla ya kuuliza tena, nao huandikwa kwa sekunde. Katika ukurasa wetu iliandikwa 86400. Fanya hesabu hii darasani. Saa moja ina sekunde 3600, zizidishe kwa 24, wapata siku nzima. Basi yeyote aliyeuliza Jumatatu saa saba mchana, saa moja kabla ya fundi kusahihisha, alikuwa na haki ya kuikumbuka namba ya zamani mpaka Jumanne saa saba mchana. Hakukosea. Sisi ndio tuliomwambia, "Kumbuka siku nzima."

Dawa yake hutolewa kabla ya ugonjwa. Siku mbili tatu kabla ya kuhama, mwenye ukurasa apunguze TTL iwe 300, yaani dakika tano. Angoje muda wa TTL ya zamani upite, hapa ni siku moja, ili wale wote wenye jibu la muda mrefu walisahau. Kisha ahame. Sasa watu wataipata namba mpya kwa dakika chache. Mambo yakitulia airudishe TTL kuwa kubwa. Na kama inawezekana, laini ya kampuni ya zamani isikatwe siku hiyo hiyo, ila iachwe siku chache seva ikisikiliza kwenye namba zote mbili. Najua ni gharama. Kuwarudisha wazee Newala mikono mitupu ni gharama pia, ingawa haiandikwi katika hesabu za ofisi.

Jambo moja la kutuliza moyo: barua za Newala hazikuwa zimepotea. Seva ikipiga hodi na isifunguliwe, huiweka barua katika foleni na kujaribu tena na tena. Kanuni za barua pepe zashauri isikate tamaa mpaka siku nne au tano zipite. Jumanne mchana barua zikaanza kuingia, ya kwanza, ya pili, ya ishirini, kama watu waliokuwa wakingojea mvua ikatike. Hatari kubwa ni pale namba yako ya zamani inapopewa mteja mwingine mwenye seva ya barua. Huyo atafungua mlango na kusema, "Hatumjui mtu huyo," na barua itarudi kwa mwenyewe papo hapo.

Basi barua za kuingia zimepona. Za kutoka je? Orodha ilipelekwa tena benki Jumanne jioni, ikarudi tena. Hapa nataka usome pole pole zaidi, maana hapa mafundi wengi hukwama.

Barua iliyorudi huja na karatasi ya maelezo, nayo ina namba yenye tarakimu tatu. Ikianza na 4, kwa mfano 451, mpokeaji asema, "Si sasa, jaribu baadaye." Ikianza na 5, kwa mfano 550, asema, "Sipokei." Yetu ilikuwa 550. Fundi aliipiga chapa akaiweka mezani, akatoka nje kupiga simu. Katika chumba kile alikuwamo mlinzi wa usiku, mzee wa makamo, mwanafunzi wa darasa letu la jioni. Alikuwa amekwisha jua kusoma namba, lakini maneno marefu yalikuwa bado yakimshinda. Kwenye meza kulikuwa na karatasi mbili, ile iliyorudi na nakala ya ukurasa wa jina. Akaweka kidole kimoja huku na kimoja huku.

"Mwalimu," akaniambia, "karatasi hii ina 198, na hii ina 192. Ni ofisi mbili?"

Nikatazama. Kweli. Katika ukurasa wa jina, chini kabisa, palikuwa na mstari huu:

v=spf1 ip4:192.0.2.25 -all

Mstari huo huitwa SPF. Ni barua ya ruhusa. Mwenye jina huwatangazia wapokeaji wote duniani, "Barua zenye jina langu hutoka kwenye namba hii tu, na yeyote mwingine ni mwongo." Uliwekwa ili kuwazuia matapeli wanaoandika barua kwa majina ya watu. Sasa ofisi ilikuwa ikiandika kutoka 198.51.100.40, na ukurasa wake wenyewe ukiwaambia benki kwamba anayetoka huko ni tapeli. Benki ilitii tu. Fundi aliporudi akageuza namba, nami nikamwambia mzee, "Shikamoo mara ya pili." Akacheka.

Lakini hata baada ya SPF kusahihishwa, baadhi ya barua zikaendelea kurudi, na safari hii sababu ilikuwa katika daftari jingine kabisa. Mpaka sasa tumesema juu ya daftari la majina, ambalo waliuliza jina likupe namba. Liko na daftari la kinyume, ambalo waliuliza namba likupe jina. Mstari wake huitwa PTR. Seva yetu ikipiga hodi husema, "Mimi ni barua.chama.mfano." Mpokeaji mwangalifu haamini maneno. Hutazama namba mgeni anakotoka, huuliza daftari la kinyume, "Nani mwenye 198.51.100.40?" Akijibiwa barua.chama.mfano, huliuliza tena daftari la majina, "Na barua.chama.mfano yuko wapi?" Majibu yakikutana, mlango hufunguliwa. Yasipokutana, au kusiwe na jibu, wengi hufunga. Google, wenye Gmail, walitangaza kwamba tangu Februari 2024 kila anayepeleka barua kwa watu wa Gmail awe na majibu haya mawili yanayokubaliana, pamoja na SPF au sahihi nyingine iitwayo DKIM.

Fundi wetu alitafuta mahali pa kuandika PTR katika ukurasa wa jina usiku wa manane, asipaone. Asingepaona hata angekesha wiki. Kumbuka nilivyosema juu ya mpangaji na mlango. Jina ni la ofisi, kwa hiyo ofisi yaandika katika daftari la majina. Namba ni ya kampuni, kwa hiyo kampuni ndiyo iandikayo katika daftari la namba. Hapana budi kuipigia simu kampuni mpya na kuiomba, "Tafadhali andikeni kwamba 198.51.100.40 ni barua.chama.mfano." Aliyepokea simu siku hiyo hakujua PTR ni nini, akapeleka simu kwa mwingine, naye kwa mwingine. Alhamisi mstari ukaandikwa. Ijumaa benki ikaipokea orodha yote.

Sasa nikuonyeshe jinsi ya kuuliza wewe mwenyewe, kwa maana si lazima uwe fundi ili uulize. Kompyuta nyingi zina amri iitwayo nslookup. Huandikwa hivi:

nslookup -type=mx chama.mfano
nslookup barua.chama.mfano
nslookup 198.51.100.40

Ya kwanza yauliza mpokeaji wa barua ni nani. Ya pili yauliza yuko kwenye namba gani. Ya tatu yauliza kinyume, namba ni ya nani. Andika majibu matatu kwenye karatasi moja, uyalinganishe kwa kidole kama alivyofanya yule mzee. Lakini usiulize ukiwa ndani ya ofisi tu. Ofisini mara nyingine kuna daftari la ndani lenye majibu yake. Uliza pia ukiwa nje, kwa kompyuta iliyoungwa na simu ya mkononi ya kampuni nyingine, maana benki na Newala wako nje. Kama nje wengine wapata namba mpya na wengine ya zamani, ni TTL, ngoja. Kama wote wapata ya zamani, ukurasa haujasahihishwa, na kungoja hakutasaidia kitu.

Yako mambo mengine madogo nitakayoyataja kwa haraka. Seva yenyewe huenda ikawa bado inauliza majina kwa mashine za kampuni ya zamani, nazo hazimjibu asiye mteja, basi barua hazitoki hata moja. Baadhi ya makampuni hufunga mlango namba 25, ambao ndio mlango wa barua kati ya seva na seva, mpaka uombe ufunguliwe. Na huenda namba mpya uliyopewa ilitumiwa kabla yako na mtu aliyetuma barua za utapeli, ikaandikwa katika orodha za waovu. Hapo umehamia nyumba ya mtu aliyeacha madeni, wadai watagonga kwako. Kampuni iliyokupa namba ikusaidie kuisafisha, au ikupe nyingine.

Kazi ya darasa. Ofisi moja ya Newala imebadili kampuni ya intaneti. Namba yake mpya ni 203.0.113.7. Barua zaingia vizuri. Za kutoka zarudi na karatasi yenye namba 550, isemayo kwamba 203.0.113.7 haina jina. SPF imekwisha sahihishwa. Je, karani ampigie simu nani: kampuni ya zamani, kampuni mpya, au mtunzaji wa ukurasa wa jina la ofisi? Andika jibu kwa sentensi mbili, na katika sentensi ya pili eleza sababu. Mwalimu wa darasa akusanye majibu, nami nitayasoma baadhi yake katika somo lijalo, ya Masasi kwanza, kisha ya Newala.